Shaka na Yakini katika Biashara ya Simu

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walisema pia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali ya kwanza inamtaka mfanyabiashara aandike na ahesabu; ya pili inampa ruhusa ya kuushika uvumi kabla haujathibiti. Zote mbili ni zetu, na hutumiwa na watu wale wale, pengine kwa siku moja. Lakini haziendi njia moja. Makala haya yanauliza ni ipi kati ya hizo imfaayo mtu anayeuza kazi ya mikono yake au ya akili yake kwa njia ya simu, pale anapoletewa malipo asiyoyaamini.

Mtu ninayemzungumzia hana duka. Anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Bunju au Tegeta upande wa Kinondoni, au Mbagala, Chamazi na Tandika upande wa Temeke. Huenda ni fundi cherehani anayepokea vipimo kwa WhatsApp. Huenda ni mama anayeoka keki za arusi. Huenda ni kijana anayesanifu kadi za mwaliko na za michango, ambazo siku hizi aghalabu hazichapwi bali husambazwa kutoka simu hadi simu. Huenda ni mfasiri wa vyeti na barua, kazi ambayo mwandishi wa makala haya anaijua kwa kuwa naye hula kwayo. Wateja wake humwona katika Instagram au hupewa namba yake na jamaa, na wengine wako mbali kabisa naye: yuko Chamazi, mteja yuko Bunju, yuko Temeke, mteja yuko Unguja na mzigo utavuka kwa boti. Hapana kaunta kati yao, wala noti ya kuinuliwa kwenye mwanga ipimwe. Kilichopo ni sauti, picha na ujumbe mfupi.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma zao. Tangu hapo neno “Imethibitishwa”, linalokuja na ujumbe wa malipo, limekuwa neno linalosubiriwa na tajiri na fukara. Likifika, kitambaa hukatwa, unga hukandwa, bodaboda huwashwa. Lakini neno ni neno tu; linaweza kuandikwa na yeyote mwenye kujua kuandika. Na hapo ndipo tapeli alipopata mwanya.

Hila zenyewe si nyingi, na aliyewahi kuuza kwa simu hatakosa kuzitambua. Ya kwanza ni ujumbe wa kughushi: mtu hutunga maneno yafanane na ya kampuni, akatia namba ya muamala, kiasi na saa, kisha akautuma kutoka laini ya kawaida. Muuzaji mwenye haraka husoma maneno asitazame yametoka wapi, wala asiangalie salio lake. Ya pili ni picha ya ujumbe, iliyopigwa ndani ya simu ya mteja na kubadilishwa tarakimu. Ya tatu huja kwa unyonge: mteja hudai amezidisha, ametuma laki mbili badala ya elfu ishirini, naye anaomba arudishiwe ziada upesi, tena kwa namba nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza “inasumbua”. Ya nne hutumia malipo ya kweli: fedha inaingia, kazi inakabidhiwa, kisha mlipaji anaipigia kampuni akidai kwamba alikosea namba. Wanaouza kwa wateja wa ng’ambo wanaolipa kwa kadi wanaijua sura nyingine ya hila hiyo, ambapo mwenye kadi huyapinga malipo katika benki yake, na fedha iliyokwisha kuliwa hudaiwa upya baada ya miezi. Ya tano ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa haiwahusu muuzaji na mnunuzi peke yao: fedha ni ya kweli na imefika, lakini imeibwa kutoka simu ya mtu wa tatu ambaye hawamjui.

Mtu aliyepatwa na mojawapo ya hizo mara moja, moyo wake hautulii tena. Nani atamlaumu? Nchi nzima imewahi kupokea ule ujumbe unaosema ile fedha itumwe kwa namba hii, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imelazimika kutenga namba 15040 kwa ajili ya kuripoti laini za matapeli. Katika mazingira hayo, kumwambia muuzaji asitie shaka ni kumwambia alale mlango wazi.

Sasa tumtazame na mteja. Mtandao unapoelemewa, fedha huweza kutoka kwake isionekane kwa muuzaji kwa muda mrefu. Anayelipa kwa simu ya mumewe au ya dada yake, jina linalotokea si lake. Aliyekwenda kwa wakala na kumwomba aweke fedha moja kwa moja katika namba ya muuzaji, ili aepuke makato ya kutuma, hana hata ujumbe wa kuonyesha, na muuzaji huliona jina la wakala asiyemjua. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Wapo waliokuwa hawajapata kitambulisho, wakasajiliwa na ndugu zao, na hadi leo simu zao zina majina ya ndugu hao. Wapo pia wazee wasiojua kusoma ujumbe, ambao husimulia malipo yao kwa maneno marefu yenye kujipinga.

Basi zizingatie dalili ambazo muuzaji hufundishwa kuziogopa: jina lisilolingana, fedha isiyoonekana, haraka, maelezo mengi. Kila moja ni dalili ya tapeli. Na kila moja ni dalili ya maskini mwaminifu. Mtu anayetaka keki ya kesho ana haraka. Mtu asiye na simu yake hulipa kwa jina la mwingine. Umaskini na ulaghai, vikitazamwa kupitia kioo cha simu, vinafanana nguo. Hili ndilo linaloifanya habari hii kuwa suala la maadili, wala si la ufundi wa simu pekee. Kama dalili zingemwonyesha tapeli peke yake, tungehitaji macho tu. Kwa kuwa zinamwonyesha na asiye na kosa, tunahitaji kujua tunachomdai na tunachopaswa kumpa mtu ambaye bado hatujamjua.

Lugha yetu ina maneno manne ambayo yafaa tuyatenganishe. Shaka ni moyo kutotulia: sijui kama fedha imeingia. Dhana ni hatua moja mbele: nakisia kwamba haikuingia, na kwamba sababu yake ni hila. Tuhuma ni dhana iliyopewa jina la mtu na kutamkwa. Yakini ni kujua. Mwenye shaka anazungumza juu ya fedha. Mwenye tuhuma anazungumza juu ya mtu. Mwenye shaka anaweza kupumzishwa na dakika kumi za kusubiri. Mwenye tuhuma, hata akipumzika, neno lake limeshatoka na limeshamfika mwenziwe. Msiba wa biashara ya simu ni kwamba ngazi hizi nne hupandwa kwa pumzi moja. Mteja anasema, “Dada, nimeshatuma.” Muuzaji anatazama, haoni kitu, na jibu linalotoka ni, “Nyie matapeli mtakoma lini?” Kutoka kutojua hadi kuhukumu hapakuwa hata na nafasi ya kuangalia salio mara ya pili.

Wanazuoni wa fikihi walikuwa na kanuni mashuhuri, iliyoingizwa pia katika Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya wa karne ya 19, kwamba jambo lililothibiti halitanguki kwa sababu ya shaka tu. Wengi huitaja kanuni hiyo katika habari za udhu na sala. Lakini itazame inavyofanya kazi sokoni, maana huko ina makali pande mbili. Kabla ya malipo, lililothibiti ni kwamba muuzaji hajapokea kitu. Dai la mteja kwamba ametuma, na hata picha anayoileta, haviliondoi jambo hilo mpaka fedha ionekane. Kwa hiyo muuzaji ana haki kamili ya kusema kwamba hajapokea na kwamba kazi haitoki. Lakini lililothibiti pia, kwa kila mja, ni kwamba hana dhima ya kosa mpaka kosa lionekane. Shaka ya muuzaji hailiondoi na hilo. Kwa hiyo mteja ana haki kamili ya kutoitwa mwizi. Kanuni ni moja. Imemlinda muuzaji asidhulumiwe mali yake, na imemlinda mteja asidhulumiwe heshima yake. Na tusidhani ni jambo la misikitini peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Ikiwa dola yenye polisi na mahakama imefungwa na sharti hilo, itakuwaje mtu mmoja mwenye simu awe huru nalo?

Hapa ndipo ninapoiona jawabu ya swali letu. Shaka inampa muuzaji haki ya kusubiri. Haimpi haki ya kuhukumu. Haki hizo mbili hufanana kwa nje, maana katika zote mbili kazi haikabidhiwi. Lakini ya kwanza inamwachia mwenzio utu wake, na ya pili inamvua.

Kuna kisa cha Shakespeare ambacho mfasiri yeyote hukutana nacho mapema, nacho ni kile cha Othello. Jemadari huyu anaangamizwa na leso. Leso yenyewe ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya mkewe kweli, na kweli ilionekana mkononi mwa mtu mwingine. Kilichokuwa cha uongo ni hadithi iliyofungwa kwenye leso hiyo na mtu aliyetaka kumchochea. Othello hakukosa ushahidi. Alikosa kuuliza leso imefikaje pale. Jina la wakala asiyejulikana katika ujumbe wa malipo ni leso ya namna hiyo. Ni kweli jina si la mteja. Lakini hadithi ya kwamba kwa hiyo mteja ni tapeli hatukuletewa na ujumbe, tumeifunga wenyewe. Na tapeli naye anafahamu udhaifu huo wa macho yetu, ndiyo maana huleta picha. Anayeamini picha kwa haraka na anayemhukumu mtu kwa jina wameteleza mahali pamoja: wote wawili wameifanya alama kuwa ndiyo kitu chenyewe.

Lakini madhara hayaishii kwenye tusi la faragha. Mitaa ya Dar es Salaam inalijua neno moja ambalo likishapigiwa ukelele hakuna anayeuliza ushahidi. Neno hilo ni “Mwizi!” Magazeti yana msemo wake wa kudumu kwa yanayofuata, “wananchi wenye hasira kali”, kana kwamba hasira ndiyo iliyonyanyua mawe na wala si watu. Siku hizi ukelele huo una sura mpya. Muuzaji anachukua picha ya mteja kutoka ukurasa wake, anaongeza namba yake ya simu na jina lililosajiliwa, anaandika juu yake “Jihadharini na tapeli huyu”, na kuituma katika makundi kumi. Ndani ya saa moja imefika Morogoro na Tanga. Kesho ikibainika kwamba fedha ilichelewa njiani, muuzaji atafuta alichokituma. Hataweza kufuta kilichotumwa na wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayefanya udanganyifu na kughushi kwa njia ya kompyuta, lakini inamgusa pia anayesambaza habari za uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imezifanya taarifa za mtu kuwa kitu chenye mwenyewe. Hata hivyo nisingependa muuzaji ajizuie kwa kuogopa sheria. Ajizuie kwa kujua kwamba anachokitupa hakirudi mkononi.

Yuko atakayeniambia kwamba zamani hatukuwa na taabu hizi, kwamba wazee waliaminiana, tajiri akimpa mtu mali kwa neno la mdomo na kumngojea mpaka pepo zigeuke. Ni kweli kwamba Unguja ya karne ya 19 iliendeshwa na mikopo mikubwa. Tippu Tip asingefika bara bila mali aliyokopeshwa na matajiri wa mjini, na miongoni mwao Taria Topan. Lakini tuitazame imani ile kwa macho mawili. Kwanza, haikuwa imani kwa mgeni. Mkopeshaji alimjua mkopaji, nyumba yake, jamaa zake. Akikimbia, jina la ukoo lilibaki rehani. Pili, watu waliolipana madeni yao kwa uaminifu huo walikuwa wakifanya biashara ya pembe za ndovu na ya wanadamu wenzao. Walitimiziana ahadi wao kwa wao, na aliyefungwa minyororo hakuwa sehemu ya ahadi. Uaminifu wa wafanyabiashara peke yake, basi, haujafikia kuwa uadilifu. Uadilifu huanza pale haki inapomfikia mtu aliye nje ya duara ya wanaojuana. Na fundi wa Mbagala anayepokea kazi kutoka kwa sauti asiyoijua yuko mahali hapo kila asubuhi, mahali ambapo matajiri wale hawakuwahi kulazimika kusimama.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Fundi huyu amenunua kitambaa cha shilingi elfu arobaini kwa mkopo wa kikundi. Akiibiwa mara moja, wiki imekwenda. Akiibiwa mara mbili, cherehani inauzwa. Je, si dhuluma kumhubiria huyo habari za heshima ya mteja? Maadili yanayoweza kushikwa na mwenye mshahara peke yake si maadili, ni anasa. Nalikubali pingamizi hilo, na kwa sababu hiyo nasema kwamba kanuni yoyote tunayompa fundi lazima iwe nafuu kuifuata kuliko kuivunja. Naona zipo za namna hiyo.

Kwanza, atazame salio, asitazame ujumbe. Kufanya hivyo kunamgharimu dakika moja, na kunafunga mlango wa hila mbili kati ya zile tano bila ya kumgusa mtu yeyote.

Pili, kanuni yake aitangaze kabla, na iwe ya wote. Asiyemwamini mteja wa Tandale na kumwamini wa Masaki hajilindi, anabagua. Tuna methali nyingine inayodai kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Huenda ni kweli kwa tenga la samaki. Kwa wanadamu ni kisingizio cha kumtoza mmoja kosa la mwenziwe, na anayetozwa ni yule yule daima: mwenye lafudhi ya bara, mwenye simu mbovu, mwenye kuandika kwa makosa. Mtu anayeambiwa tangu mwanzo, “Kazi hutoka fedha ikionekana kwenye salio, kwa kila mteja,” hana cha kumkera, kwa kuwa halikusemwa juu yake. Tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, nayo haikuwabagua wanaoshukiwa na wasioshukiwa. Walioagizwa kuandikiana walikuwa watu wa safu moja ya sala. Kalamu ikiwa ya wote si tusi kwa yeyote.

Tatu, achague kauli. Kiswahili kina neema ambayo hatuitumii vya kutosha, ile kauli ya kutendeka, inayotaja jambo bila ya kumtaja mtendaji. Kati ya “Hujatuma” na “Kaka, fedha haijaonekana kwangu, tusubiri kidogo,” habari ni ile ile na mali imelindwa sawasawa. Lakini kauli ya kwanza imemshitaki mtu kwa jambo ambalo msemaji hajui. Ya pili imesema kile tu anachokijua. Wala si adabu tupu hiyo. Ni ukweli uliopimwa. Asemaye “hujatuma” na kumbe imetumwa, amesema uongo, hata kama hakuukusudia.

Nne, fedha irudi kwa njia ile ile iliyojia. Mteja akidai amezidisha, na ziada kweli ikaonekana kwenye salio, isitumwe kwa namba ya tatu hata akilia. Muuzaji aipeleke habari kwa kampuni ya simu na kuiomba irudishwe ilikotoka. Kanuni hii inamlinda muuzaji, lakini sababu yake kubwa ni yule mtu wa tatu ambaye simu yake huenda imeibwa. Yeye hayupo kwenye mazungumzo, hana wa kumsemea. Muuzaji anayeizuia fedha hiyo bila kuila, na bila kuitupa kwa anayeidai kwa kelele, amekuwa mlezi wa amana ya mtu asiyemjua. Ni kazi isiyolipwa, na pengine hakuna atakayemshukuru. Lakini kama amana ina maana yoyote, maana yake ni hiyo.

Tano, kwa kazi inayohitaji kutangulizwa gharama, adai arbuni. Mteja naye anaogopa, na ana sababu, maana wauzaji hewa nao ni wengi. Nusu ikitangulia na nusu ikifuata, kila mmoja ameweka kitu chake mkononi mwa mwenziwe na hofu zimegawanywa. Inastaajabisha kwamba arbuni na kurubuni ni maneno yanayosikika kama ndugu, moja likifunga ahadi na jingine likimvuta mtu kwa ahadi. Tofauti ya ndugu hawa ni kwamba wa kwanza hutoa kitu na wa pili hutoa maneno.

Na ikithibiti? Ikijulikana kwa yakini kwamba mtu ameghushi? Hapo muuzaji asinyamaze, maana kunyamaza ni kumwachia jirani yake msiba. Apeleke namba kwa kampuni ya simu, aitume 15040, aende kituo cha polisi akiwa na daftari lake na kumbukumbu zake. Najua kwamba njia hizo ni ndefu na hasira ni fupi. Lakini wazee wa mwambao walikuwa na methali kali, Mgala muue na haki yake umpe. Ilizaliwa katika vita vya pwani ya kaskazini, na uadui uliomo ndani yake hatuuhitaji leo. Tunachokihitaji ni nusu yake ya pili, kwamba hata aliyethibitika kuwa adui ana kitu chake ambacho hatuna ruhusa ya kukinyang’anya. Tapeli aliyethibitika anadaiwa fedha na adhabu ya sheria. Hadaiwi picha ya mama yake, wala jina la mtaa wa watoto wake.

Mzigo huu usibebwe na fundi peke yake. Kampuni zinazokata ada katika kila muamala zina wajibu wa kupokea simu ya mlalamikaji kwa wakati, kumsikiliza kila upande kabla ya kuirudisha fedha, na kueleza zimeamuaje. Neno lenyewe muamala limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni namna watu wanavyotendeana. Simu zetu zimelifinya likawa jina la fedha inayotoka hapa kwenda pale. Lakini maana ya kwanza haijafa. Kila muamala wa fedha unaleta pamoja nao muamala wa watu, na huo wa pili hauna namba ya kumbukumbu.

Hata baada ya yote haya, muuzaji atapata hasara siku moja. Atatazama salio, atasubiri, atasema kwa adabu, na bado atakuja mjanja kuliko yeye. Siku hiyo jaribio lake halitakuwa juu ya tapeli, kwa kuwa tapeli ameshakwenda na laini imezimwa. Litakuwa juu ya mteja wa asubuhi inayofuata, ambaye ataandika, “Habari za asubuhi dada, nimeona kazi zako,” naye hajui lolote la jana. Deni la jana si lake. Aambiwe kanuni ile ile aliyoambiwa wa juzi, kwa sauti ile ile, na apewe salamu yake kwanza.